Bibi Anasafiri Alhamisi

Kikundi: NYUMBA YA BARABARA YA TISA, NGAMIANI

JUMATATU

[19:42] Shangazi Pili: (Video ya ajali ya ndege. Imesambazwa mara nyingi)

[19:43] Shangazi Pili: Jamani mmeiona hii? Mikono yanitetemeka. Na mama anapanda ndege Alhamisi. Mimi nasema safari ya Umra isubiri.

[19:45] Rehema: Shikamoo shangazi. Hiyo ni ya Bukoba, Novemba 2022. Wameizungusha tena.

[19:46] Shangazi Pili: Marahaba mwanangu. Ya zamani au ya leo, waliokufa ni watu. 19 kati ya 43. Nakumbuka Jumapili ile tulivyokaa mbele ya tivii, mkia wa ndege umejitokeza juu ya maji ya ziwa, wavuvi na mitumbwi yao wanauzunguka.

[19:47] Mama Zuhura: Wifi, usiicheze kwa sauti ukija huku. Mama yuko sebuleni anajifunza talbiya, dua ya Umra.

[19:48] Juma: Na tiketi yao inapitia Addis. Si ndiko ilikotoka ile ndege ya Ethiopian iliyoanguka 2019? Watu 157, Mungu awarehemu.

[19:50] Shangazi Pili: Ndiyo maana naongea. Tuombe turudishiwe pesa, aende mwakani.

[19:51] Mama Zuhura: Wifi, mama ana miaka 78. Hiyo mwakani nani kamdhamini?

[19:52] Rehema: 😢

[19:53] Juma: Samahani nakatisha, nani anapita Deep Sea kesho alfajiri? Naomba samaki changu kilo mbili, nitatuma pesa sasa hivi.

[19:58] Hamadi: Shikamooni nyote. Ndio natoka zamu hapa Dar. Mie fundi ndiye hulala chini ya matumbo ya hizo ndege usiku kucha, naomba mnisikilize kidogo. Nitaandika kirefu.

[19:59] Shangazi Pili: Marahaba Hamadi. Andika baba.

[20:04] Hamadi: Ile ya 2019 haikuangushwa na Addis. Ilikuwa aina mpya, Boeing 737 MAX. Waliipa injini kubwa zaidi, zikasogezwa mbele, ndege ikawa na tabia ya kuinua pua katika hali fulani. Dawa yake wakaweka programu inaitwa MCAS, kazi yake kuisukuma pua chini. Sasa sikilizeni: programu hiyo ilikuwa inasikiliza sensa MOJA. Ni kama pezi dogo la samaki, limekaa ubavuni mwa pua, linageuka kufuata upepo. Pezi hilo likidanganya, ndege inaamini kwamba pua imepanda mno, inaisukuma chini. Rubani anaivuta juu, inasukuma tena. Anavuta, inasukuma.

[20:06] Hamadi: Oktoba 2018 ikaanguka ya kwanza kule Indonesia, ya Lion Air, watu 189. Wale marubani hata hawakuwa wameelezwa kwamba programu hiyo imo ndani ya ndege. Haijatimia miezi mitano, Machi 10, ikaanguka ya Ethiopian, dakika 6 tu tangu iruke kwenda Nairobi. Ndipo dunia nzima ikazizuia, zikakaa chini mwaka na nusu na zaidi.

[20:07] Shangazi Pili: Kumbe baada ya ile ya kwanza walishajua kuna ubaya?

[20:08] Hamadi: Walijua shangazi. Walitoa maelekezo ya karatasi kwa marubani, wakaanza kuitengeneza programu, huku ndege zinaendelea kuruka na abiria. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Wakenya peke yao walikuwa 32 mle.

[20:10] Juma: Innalillahi.

[20:13] Ba Mkubwa: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:27)

[20:21] Rehema: Nawaandikia aliyosema Ba Mkubwa, kwa wasio na bando la kusikilizia:

"Asalaam alaykum. Nimemsikia Hamadi. Mimi nimevusha watu baina ya Tanga na Wete miaka ishirini na sita, na nawaambia jahazi halizami kwa wimbi moja. Kabla ya wimbi pana mtu alikalafati kwa haraka, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, pamba haikushiba sifa (mafuta ya papa), deheni ya kuzuia maji ikapakwa juu ubao ungali na maji. Ukitazama kwa nje chombo kinapendeza. Na pana mtu mwengine kauona mshono umefunguka, akanyamaza kwa kuwa nahodha mkali.

"Siku moja, upepo wa kusi, tumeshakipita kisiwa cha Yambe, kijana wangu wa kufua maji, kuyateka na kuyamwaga nje, akaniambia: nahodha, maji ya ngamani, huku chini ya chombo, leo yaja upesi kuliko jana. Mimi nikamkaripia, nikamwambia fua, kazi yako kufua. Akarudi mara ya pili. Kijana wa miaka kumi na minne, anatetemeka, lakini akarudi. Nikashuka mwenyewe na kurunzi. Mshono wa ubao wa tatu umefunguka, kidole changu cha shahada kikaingia mpaka kwenye pete. Tukageuza. Abiria walikuwa thelathini na kitu. Yule kijana angenyamaza mara ya pili, hadithi hii asingekuwepo wa kuisimulia."

[20:23] Mama Zuhura: Subhanallah. Hilo hukupata kutuambia kaka.

[20:24] Ba Mkubwa: Niliona aibu

[20:27] Hamadi: Ba Mkubwa umenigusa pabaya, maana ajali kubwa kuliko zote za ndege ni hiyo hiyo hadithi yako, ila yule wa kwao hakurudi mara ya pili.

[20:33] Hamadi: Tenerife, kisiwa cha Hispania, Machi 27, 1977. Boeing 747 mbili, ya shirika la KLM na ya shirika la Pan Am. Hazikutakiwa hata kuwepo pale, bomu lililipuka uwanja wa kisiwa jirani zikaelekezwa huko, uwanja mdogo, ndege zimejazana. Ukungu ukashuka. Waongoza ndege wa mnarani hawazioni ndege, na ndege hazionani. Nahodha wa KLM alikuwa mkufunzi mkubwa, picha yake ilikuwa kwenye matangazo ya shirika. Kachoka kusubiri, akaanza kukimbia kuruka bila ruhusa, na Pan Am ingali kwenye njia ile ile. Kwenye redio mnara na Pan Am wakaongea kwa wakati mmoja, sauti zikagongana, ukasikika mlio tu. Lakini fundi injini wa KLM, aliyekaa nyuma ya marubani, alishika maneno machache. Akauliza: yule Pan Am hajatoka njiani? Nahodha akamjibu kwa mkazo kwamba katoka. Fundi akanyamaza. Sekunde chache baadaye, watu 583.

[20:34] Rehema: Watu mia tano themanini na tatu...

[20:35] Hamadi: Na ndege zote mbili zilikuwa nzima, hazina kasoro hata ya ribiti moja, zile pini za kushikia mabati. Baada ya hapo ndipo mafunzo ya marubani yakabadilika. Mdogo anafundishwa kusema, na akipuuzwa aseme tena. Mkubwa naye anafundishwa kumsikiliza. Sisi tuliolelewa tusimkatize mtu mzima hili lilitupa tabu darasani, nisiwafiche.

[20:36] Ba Mkubwa: Heshima ni kumwokoa mkubwa wako

[20:41] Shangazi Pili: Na wewe Hamadi, umewahi kusema?

[20:49] Hamadi: Mara moja shangazi, nilikuwa mgeni kazini, sitataja wapi. Sanduku letu la zana ndani lina sponji iliyochongwa umbo la kila kifaa, spana ina kitanda chake, bisibisi ina kitanda chake. Saa kumi alfajiri tunafunga kazi, kitanda cha bisibisi fupi ki wazi. Ndege inatoka saa kumi na mbili. Mkubwa wangu akasema itakuwa imebaki stoo, weka sahihi. Mkono ulikuwa mzito kama jiwe. Nikamwambia bosi nisamehe, siweki. Tukafungua vifuniko vya sakafu upya, vyote, parafujo moja moja. Tukaikuta imelala pembeni ya nyaya zinazovuta usukani wa mkia. Ndege ilichelewa saa mbili na nusu, abiria wakatutukana. Hawakuambiwa sababu. Mie nikaenda msalani nikalia.

[20:50] Mama Zuhura: Mwanangu 🤲🏾

[20:51] Juma: Kaka sikujua kazi yako iko hivyo. Wallahi sikujua.

[20:58] Hamadi: Kwa fundi, iliyo nzito kuliko zote ni ya Japani. Na Ba Mkubwa utaielewa kuliko wote humu. Mwaka 1978 ndege ya Japan Airlines iligusa ardhi kwa mkia wakati wa kutua. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ukaumia. Mafundi wa Boeing wakaja kuutengeneza. Kipande cha kuunganishia kilitakiwa kiwe kimoja kizima, kishikwe na safu za ribiti. Kikakatwa viwili. Mzigo wa safu mbili ukabaki kwenye safu moja. Kwa nje huoni kitu, ilifunikwa.

[20:59] Ba Mkubwa: Deheni juu ya ubao wa maji

[21:02] Hamadi: Ndiyo hiyo. Ikaruka miaka 7, safari zaidi ya 12,000, kila safari ufa unaongezeka kidogo. Agosti 12, 1985 ukuta ukapasuka, hewa ikang'oa sehemu kubwa ya mkia na mabomba yote ya mafuta ya usukani yakakatika. Marubani walipigana nayo zaidi ya nusu saa kwa nguvu ya injini tu, kushoto, kulia. Walikufa 520, wakapona 4. Mle ndani watu walipata muda wa kuwaandikia wake na watoto wao barua. Baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa karibu na uwanja wa Haneda pamoja na vipande vya ndege, na wafanyakazi wa shirika hilo hupelekwa kuviona.

[21:09] Shangazi Pili: Hamadi baba, umesema kweli tupu, nakushukuru. Lakini umenizidishia hofu. Mama yangu hawezi kukagua ribiti.

[21:11] Hamadi: Hawezi shangazi. Hiyo ni kazi yetu. Yapo machache yaliyo mkononi mwake, na yameokoa watu. Kesho nitampigia nimweleze. Na nitasema lililo moyoni: kipande cha safari kinachoninyima usingizi ni Tanga mpaka Dar, Segera mpaka Chalinze, basi likishindana na lori usiku. Naomba wasafiri mchana.

[21:12] Mama Zuhura: Asubuhi saa mbili Jumatano, tumeshakata.

[21:14] Namba ya Mama Zuhura: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

[21:17] Rehema: Ni Bibi huyo! Anasema: "Mnaninong'onea kama mgonjwa. Nimesikia yote, Zuhura alikuwa ananisomea. Nakwenda. Hamadi, usingoje kesho, niambie sasa hayo yaliyo mkononi mwangu."

[21:18] Hamadi: Shikamoo Bibi ❤️

[21:26] Hamadi: Bibi, la kwanza ni jaketi okozi. Liko chini ya kiti. USILIJAZE HEWA UKIWA NDANI. Mwaka 1996, Novemba 23, ndege ya Ethiopian ilitekwa na watu watatu, wakamlazimisha nahodha awapeleke Australia. Akawaambia mafuta hayatoshi, hawakumwamini. Mafuta yakaisha, injini zikazima, akaishusha baharini pale Ngazija, karibu na ufuo wa hoteli. Kati ya watu 175 walipona 50, wenyeji na wageni waliwafuata kwa maboti na ngalawa. Lakini wengi walikuwa wazima ndege ilipogusa maji. Walishajaza majaketi yao ndani. Maji yalipoingia, jaketi likawainua mpaka dari, likawabana pale, mlango uko chini yao na hawawezi kupiga mbizi kuufikia.

[21:28] Ba Mkubwa: Mama boya ni la nje. Ndani ya chombo linakuua

[21:30] Hamadi: La pili mkanda. Wa gari unabonyeza, wa ndege unainua kile kibati. Mtu akipata hofu vidole vyake hukumbuka gari, anabonyeza, anabonyeza. Ukikaa tu, fungua na ufunge mara tatu. La tatu, hesabu viti mpaka mlango wa dharura, wa mbele na wa nyuma, kwa kuvigusa, maana moshi ukijaa macho hayana kazi.

[21:33] Hamadi: La mwisho, mizigo. Wakisema tokeni, acha kila kitu. Januari 2, 2024 ndege ya shirika lile lile la Japani iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani hapo Haneda, ikawaka moto. Kwenye ile ndogo walikufa 5. Kwenye kubwa walikuwemo 379 na walitoka WOTE. Waliiacha mikoba yao ikaungua. Mtu mmoja akisimama kuvuta begi, wa nyuma yake wote wamesimama.

[21:37] Namba ya Mama Zuhura: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:22)

[21:39] Rehema: Bibi anasema mkoba wake una pasi, dawa za presha, na msahafu wa marehemu Babu. Mengine ataacha, huo mkoba hauachi.

[21:44] Ba Mdogo Rashidi: Ndio naingia. Mama mimi ndiye nasafiri nawe, nitakubebea.

[21:45] Hamadi: Ba Mdogo, na wewe hutabeba.

[21:52] Shangazi Pili: Subirini. Nina kipande cha kanga cha Babu yenu bado, kile cha buluu. Namshonea mfuko wa kifuani, anavaa chini ya baibui. Pasi, dawa, na msahafu ule ni mdogo, unaingia. Nakuja kesho kumpima.

[21:53] Mama Zuhura: Wifi ❤️ kwa hiyo anakwenda?

[21:55] Shangazi Pili: Anakwenda.

JUMANNE

[17:20] Shangazi Pili: (Picha) Nimeshona mara mbili kila ukingo. Ba Mkubwa, nimeuvuta kwa nguvu zangu zote, haufumuki.

[17:31] Ba Mkubwa: Sasa hiyo ndiyo kazi

ALHAMISI

[16:48] Ba Mdogo Rashidi: Tumeshakaa ndani. Mama yuko dirishani. Amevigusa viti kwa mkono kimoja kimoja mpaka watu wakamuuliza, akawaeleza. Mlango wa nyuma safu ya tano. Mkanda kafungua mara nne, si tatu. Nimepapasa chini ya kiti, jaketi lipo. Nazima simu.

[16:49] Hamadi: Fii amanillah.

[16:49] Shangazi Pili: Rashidi asilijaze humo ndani, mkumbushe

[16:50] Shangazi Pili: Rashidi?

[16:50] Rehema: Ameshazima shangazi. Bibi anajua.