Mjadala: Nani hajui sayansi, mwanafunzi au baraza?

Mwanzilishi, Mji wa Kale
Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitangazwa, kwenye mabaraza ya wazee wa mtaani hurudi shutuma ile ile: watoto wa siku hizi wana gredi, sayansi hawana. Ushahidi wenyewe ni maswali ya papo kwa papo. Jua na dunia, kipi humzunguka mwenzake? Antibiotiki huua virusi? Kwa nini Mombasa kuna joto Januari kuliko Julai? Yuniti moja ya tokeni za stima ni kitu gani? Kijana akibabaika, hukumu imepita. Je, kipimo hicho ni cha haki? Leteni hoja zenye nambari, matusi wacheni nyumbani.

Mwalimu wa Fizikia, Kisauni
Si cha haki, na kosa la kwanza ni la hesabu. Swali la jua na dunia lina majibu mawili tu. Marekani waliwauliza watu wazima mwaka 2012, na asilimia 74 wakajibu sawa. Watu wakasema, basi robo hawajui. Lakini asiyejua hubahatisha, na kwa majibu mawili akibahatisha hupata nusu. Ikiwa 26 walikosa kwa kubahatisha, wengine 26 hivi walibahatisha wakapatia. 74 toa 26 ni 48. Wanaojua hasa huenda hawafiki nusu, na hao ni watu wazima, si watoto wa kidato cha pili.

Mama Kemisti, Majengo
Mwalimu, hesabu yako inakubalika pale mtu asipokuwa na imani yoyote. Kwenye antibiotiki haifai. Mtu mwenye mafua akimeza vidonge vya rangi mbili, siku ya saba hupata nafuu, akaishukuru dawa. Mafua yenyewe huisha siku saba hadi kumi, dawa iwepo isiwepo, maana ni virusi, na antibiotiki huua bakteria tu. Huyo habahatishi. Ana "ushahidi" aliouona kwa macho yake, na kila mafua humwongezea mwingine. Ukimwambia amekosea anakuona wewe ndiye hujasoma.

Mtahini, Tudor
Wazee wana dhana potofu, sawa, ila msiwatakase wanafunzi. Karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, ina alama 40. Jedwali la titresheni, yaani kupima asidi kiasi gani humaliza nguvu ya alkali, hupewa 5, moja moja: kujaza jedwali, matumizi ya desimali, usahihi, kanuni ya wastani na jibu la mwisho. Usahihi wenyewe hulinganishwa na thamani ya shule, yaani kile alichopata mwalimu kwa vimiminika vile vile. Ukiwa ndani ya 0.1 cm³ unapata alama nzima, ndani ya 0.2 nusu.

Sasa angalia kazi inavyokwenda. Pipeti, 25 cm³ za alkali kwenye chupa, matone mawili matatu ya kiashiria, dawa ya kugeuza rangi, kisha bureti, mrija wa vipimo wenye asidi, inafunguliwa mpaka rangi igeuke. Mara ya kwanza kwa kawaida mkono huchelewa na asidi hupita kiasi. Halafu unasoma jedwali la mara zote tatu: 24.3, 24.3, 24.3. Hiyo imepikwa, na mara nyingi imepikwa baada ya kunong'onezwa thamani ya shule. Mtoto anaweza kuzoa zote tano bila kujua kwa nini rangi iligeuka. Na ile gredi ya mwisho haikuonyeshi alama ghafi. Mipaka ya gredi hupangwa baada ya kusahihisha. Kwa hivyo baraza linalobisha kuhusu A na C halijui hata linabishania nini.

Mwalimu wa Fizikia, Kisauni
Wanapika kwa sababu tumewafundisha kupika. Kitabu kinasema maji huchemka nyuzi 100. Hapa kwetu, usawa wa bahari, ni kweli. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi, na maji huchemka karibu nyuzi 94 au 95. Mwanafunzi wa huko akisoma 95 anafuta anaandika 100. Jibu analijua, macho yake ndiyo ameyakana.

Nahodha, Likoni
Nyinyi mwazungumza karatasi tu. Muulizeni huyo mwenye A, maji ya bamvua, ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, bandarini Kilindini hujaa saa ngapi? Ni saa kumi hivi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa saa nne. Maji mafu, ya nusu mwezi, ni kinyume, hujaa saa nne. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Mvuvi asiyemaliza darasa la nane ajua haya yote, na chombo chake hakikwami mwambani. Mwanafunzi kaandika "mvutano wa mwezi" kapewa alama.

Mwalimu wa Fizikia, Kisauni
Kweli, nahodha. Lakini muulize mvuvi huyo, mwezi hupita juu yetu mara moja kwa siku, mbona maji hujaa mara mbili? Mwezi huvuta maji ya upande wa karibu kwa nguvu kuliko unavyovuta kitovu cha dunia, na kitovu kwa nguvu kuliko upande wa mbali. Ndipo bahari ikatuna pande zote mbili. Mmoja ana saa, mwingine ana neno. Sababu hawana wote wawili.

Fundi Stima, Changamwe
La tokeni ni fupi. Yuniti ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 huila kwa saa moja, balbu ya wati 10 kwa saa 100. Mwanafunzi anayekokotoa nguvu za umeme ubaoni na hajui hili, hakuulizwa tu.

Mwanzilishi, Mji wa Kale
Swali la Januari limekimbiwa na wote.

Mtahini, Tudor
Kwa sababu ndilo gumu. Jibu linalosikika sana ni "jua liko karibu zaidi Januari", na mwalimu anaweka mkasi mwekundu. Lakini mwanzoni mwa Januari dunia iko kilomita milioni 147 kutoka kwa jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Jua liko karibu kweli! Mtoto wa London angekanushwa na baridi ya kwao, wa Mombasa haoni cha kumkanusha. Umbali huo hubadilisha mwanga wa jua kwa karibu asilimia 7, si haba, ila majira huletwa na kulala kwa mhimili wa dunia, na huku kwetu pepo za Kaskazi na Kusi zina mkono mkubwa. Kumpa sifuri mtoto huyo ni uvivu. Mwulize kwanza kwa nini London haifuati.

Mwalimu wa Fizikia, Kisauni
Basi kipimo cha haki kiwe cha kutabiri. Simika mti wa mita moja uwanjani, uhakikishe wima kwa uzi na jiwe. Muulize mwanafunzi na mzee wa baraza: Juni, adhuhuri, kivuli kitalala upande gani? Na Desemba? Siku gani hakitakuwepo? Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo Juni hulala kusini, Desemba kaskazini, na hutoweka karibu tarehe 10 Machi na 3 Oktoba, saa sita kamili mchana.

Nahodha, Likoni
Saa sita kamili, Mwalimu? Hapo wakosa. Saa zetu zafuata longitudo ya nyuzi 45, nasi tuko nyuzi 39 na theluthi mbili, hivyo jua latuchelewea dakika 21. Juu ya hilo, Oktoba jua lenyewe hutangulia dakika 11, zikabaki 10; Machi hubaki nyuma dakika 10 zaidi, zikawa 31. Saa sita kamili utakuta kivuli cha sentimita 4 hivi Oktoba, 14 Machi, chaelekea magharibi. Ngoja saa sita na dakika 10 Oktoba, na saa sita na nusu Machi.