Mjadala: Mthibiti ubora atoke wizarani au abaki?

Chaki Nyeupe:
Wadau, tujadili hili la mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule wa siku hizi, bila kurushiana madongo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mambo mazito. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Hao walioanza la tatu watamaliza 2027 sambamba na kaka zao wa la saba, kwa hiyo 2028 kidato cha kwanza kitapokea marika mawili kwa mpigo. Nani anaangalia kama kinachofundishwa kinaingia?

Wathibiti ubora walipotangaza kuja shuleni kwetu, tulikesha tukijaza maandalio ya somo ya wiki zilizopita. Mmoja akakaa nyuma ya darasa langu, hisabati, la tatu, tunapima urefu. Mtaala unataka mtoto apime mwenyewe. Watoto zaidi ya mia, rula sita. Nikapima mimi mbele ya darasa, waliokaa mbele wakaona, wa nyuma wakapiga soga. Akaandika: "Ushirikishwaji wa wanafunzi uimarishwe." Hakukosea. Ripoti ikaenda kwa mwalimu mkuu, rula zikabaki sita.

Sababu naiona hivi. Yeye ni mtu wa Wizara ya Elimu. Shule na sisi walimu tuko TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri. Anayeona tatizo hana fungu, mwenye fungu hakuwepo darasani. Halafu wizara hiyohiyo ndiyo yenye sera, na chini yake wamo Taasisi ya Elimu inayoandaa mtaala na Baraza la Mitihani (NECTA). Mtunzi wa wimbo ndiye anajipigia makofi. Mthibiti awe chombo huru, ripoti zake zifike bungeni.

Mkaguzi Mstaafu:
Mwanangu Chaki, hapo kwenye kukesha umenichekesha. Nani aliwatuma mjaze ya nyuma? Nimefanya kazi hii tangu tukiitwa wakaguzi, walimu wakituona wanapitia dirishani (sitanii). Mfumo wa uthibiti ubora wa 2017 ulitaka tuache upolisi: shule ijitathmini kwanza, sisi tuje kusaidia. Wazo zuri. Lakini ofisi yangu ya wilaya ilikuwa na gari moja bovu, na shule nyingine tulizisikia kwa jina tu. Chombo huru bila mafuta ya gari ni kibao kipya mlangoni. Na mtaala ukibadilika, mthibiti naye anahitaji kufundwa kabla hajaenda kumpima mwalimu. Mkiharakisha kimoja na kusahau kingine, atakagua mtaala mpya kwa macho ya ule wa zamani.

Mama Wawili:
Mnabishana akae wapi, sisi wazazi hatumjui hata sura. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora. Sawa, ile ilikuwa biashara ya matangazo ya shule binafsi, sikuililia. Ila badala yake tumepewa nini? Hiyo ripoti ya "ushirikishwaji" ibandikwe ubaoni pale getini, kwa Kiswahili cha kueleweka. Tungejua rula ni sita, wengine tungenunua.

Chaki Nyeupe:
Shikamoo mzee. Maandalio nilijaza mwenyewe, hakunituma mtu. Woga wa zamani haukubadilika na jina. Na la gari nakubali. Mama Wawili, mzazi kununua rula moja ni wema, lakini tusije tukaisamehe halmashauri kwa njia hiyo, maana tangu 2016 tumeambiwa elimu bila ada na watoto wakamiminika.

Mzee, naomba unijibu moja. Ulipokuwa kazini ukaandika shule fulani inahitaji vifaa, ulimwandikia nani?

Mkaguzi Mstaafu:
Marahaba. Mkuu wa shule, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nilijibiwa mara mbili, miaka yote ile. Moja ilikuwa ya kuniuliza nakala nyingine, ile ya kwanza imepotea.