Gari kutoka Uingereza, mbona meli inazunguka Afrika Kusini?

mgeni_wa_bandari: Wakuu salama? Gari langu limepakiwa Southampton, ajenti ananambia meli inazungukia Cape Town ndo ije Dar. Mfereji wa Suez si upo tangu 1869, kwa nini wasikatize?

baharia_mstaafu: Mkuu shida sio Suez, shida ni mlango wa kutokea Bahari ya Shamu huku chini, Bab el-Mandeb. Fungua ramani uone Yemen ilivyosogeleana na Djibouti, pale ni kama kilomita 30 tu, tena kisiwa cha Perim kimekaa humo karibu na Yemen, upande wa Yemen kinabaki kichochoro cha kilomita 3 hivi so meli kubwa zinapita magharibi. Tangu Wahouthi, wale waasi wa Yemen, waanze kuzipiga meli kwa makombora na droni mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi zikaamua bora zizunguke, mafuta yanaliwa sana ila mabaharia wanarudi kwa watoto wao, na hilo kwangu ndo kubwa.

mgeni_wa_bandari: Ahsante kaka, nimeelewa. Na za Japan je?

binti_kilindini: Hizo hazigusi kabisa huko, zinashukia Singapore, zinapita mlango bahari wa Malacca halafu zinakata Bahari ya Hindi mpaka huku kwetu.