Tiba ya uti wa mgongo ambayo haijathibitishwa, iuzwe au isubiri?

MLETA MADA
Wakuu tujadili hili bila matusi. Mtu kaumia uti wa mgongo, miguu haina habari, mkojo mpaka mpira, afu anaambiwa kuna tiba ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) inaweza kumsaidia ila ushahidi bado kiduchu. Auziwe?

Mi nasema apewe bure ndani ya utafiti, kuuziwa hapana.

Neva ya mkononi ikikatika huwa inaota tena, taratibu, kama milimita moja kwa siku. Za ndani ya uti hazioti, na watu waliamini hazina uwezo huo kabisa mpaka 1981, watafiti David na Aguayo kule Montreal, Kanada, walipochukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakiunga na uti, nyuzi za neva zikaota zikapita humo. Kumbe shida ni mazingira, kuna kovu na kuna protini kama Nogo-A zinazozuia nyuzi zisiote. Ikatengenezwa dawa ya kuifunga hiyo Nogo-A, kwa panya na nyani ikaleta matumaini, kwa binadamu ikapimwa sambamba na dawa bandia (isiyo na kitu, ya kulinganishia tu), majibu yametoka 2024: kwa ujumla tofauti ya maana hakuna, isipokuwa dalili fulani kwa wale ambao uti haukuharibika wote.

Sasa bila lile kundi la dawa bandia tungeshangilia, maana miezi ya mwanzo baada ya ajali wengi hurudisha kitu wenyewe tu, kidole kinacheza, hisia zinashuka chini kidogo. Ndo maana Japani wamenikera. Desemba 2018 waliruhusu kwa masharti, kwa miaka 7, seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe ziuzwe kwa karibu yeni milioni 15, ushahidi wenyewe wagonjwa 13 na kundi la kulinganisha hakuna, tena wote ni majeruhi wapya! Utajuaje kilichomsaidia ni seli au ni mwili wake?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu unaongea umesimama. Mi niko kwenye kiti, hizo seli zinatakiwa mapema, ukisubiri ushahidi wako ukamilike mimi muda wangu umepita. Na sidai kutembea, nipe vidole vishike kikombe, nipe kibofu, hapo umenirudishia nusu ya maisha. Hatari ni ya kwangu, mwili wangu. Afu mkikataza watu wataenda tu kwenye vikliniki vya uchochoroni nje ya nchi, si bora iuzwe hospitali inayokaguliwa?

MLETA MADA
Hapo kwenye muda umenibana, sibishi. Ila hatari huijui mpaka mtu afuatilie miaka. Kuna binti aliumia akiwa na miaka 18, baadaye akaenda Ureno akapandikizwa tishu ya puani kwenye uti, hakupata nafuu, baada ya miaka 8 maumivu, kufungua wanakuta uvimbe unaotoa kamasi mgongoni, madaktari waliliandika 2014. Na kuthibitisha inawezekana. Kile kifaa cha umeme kinachobandikwa shingoni, Marekani wamekipitisha Desemba 2024 kwa ajili ya mikono, walijaribu kwa watu 60 walioumia zamani, kwanza mazoezi matupu miezi miwili, halafu mazoezi na umeme. Kundi la pili hawakuwa nalo, sawa, ila mtu amelinganishwa na yeye mwenyewe wakati hali yake ishatulia. Hata Chuo Kikuu cha Keio, hukohuko Japani, wameweka seli za iPS (seli za kawaida za mwili zilizorudishwa kuwa seli shina) kwa wagonjwa wanne, wawili wakaonyesha nafuu, wakatangaza 2025 bila kufungua duka.

MCHANGIAJI WA PILI
Mleta mada una hoja ila umeiruka hela. Kampuni ya Marekani, Geron, walianza 2010 kuweka seli za kiinitete kwa waliopooza, wa kwanza duniani, 2011 wakafunga mradi, si kwamba seli zimeua mtu, hesabu ziliwashinda. Hiyo bure yako nani anailipia? Kampuni hailipi hasara milele, na serikali nyingi hata vidonda vya kukaa muda mrefu hazijamaliza kuvitibu.

MLETA MADA
Zilipe serikali zikiungana, kila mgonjwa arekodiwe na afuatiliwe miaka 10. Kampuni iuze siku ikishinda.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Miaka 10 sawa, nifuatilieni hata 20. Ila mniweke kwenye kundi la seli, la dawa bandia, la kudungwa maji ya chumvi, sitaki.