Kijana kavunjika kisigino, apasuliwe ama plasta inatosha? Naombeni ushauri

Habari zenu wadau, niko hapa Kisumu. Kijana wangu wa miaka 12 alianguka kutoka juu ya mti wa maembe kwa nyanyake Vihiga, akatua na miguu, na kisigino cha kulia kikavimba mpaka ngozi inang'aa na kuna malengelenge upande wa nje. Skani ya CT imeonyesha ufa umeingia hadi kwa jointi na vipande vimeachana. Mgongo pia waliangalia juu ya vile alitua, uko sawa, namshukuru Mungu sana.

Sasa daktari mmoja anasema visigino vya watoto vingi hupona na plasta tu, mfupa bado unakua unajirekebisha. Mwingine anasema hiyo ni kwa wadogo ama kama mfupa haujasonga, huyu wangu jointi imeshuka kwa hivyo vipande virudishwe mahali pake vishikwe na skrubu ama waya, lakini kwanza tungoje uvimbe ushuke ngozi ianze kukunjana, la sivyo kidonda kinaweza kukataa kufunga. Mimi naegemea huyu wa pili lakini kisu kwa mtoto kinanitia hofu, na yeye kila asubuhi ananiuliza kama atacheza boli tena.

Kama mtoto wako alipitia hii, kidonda kilipona? Vyuma vilitolewa baadaye? Anatembea bila kuchechemea? Na SHA, ile bima ya afya ya serikali, ililipa pesa ngapi? Kuna mtu ameniambia nimpeleke hospitali ya Kijabe kwa wale madaktari wa mifupa ya watoto, mliofika huko niambieni tafadhali.