Gemu za vita za kihistoria kwenye kompyuta: ipi inakuelewesha vita vyenyewe?

RamaniMezani
Wadau salama? Panzer Corps, ile gemu ya Vita vya Pili vya Dunia, nimeimaliza na bado naipenda, imefuata nyayo za ile Panzer General ya 1994 na jioni moja tu ushaielewa, ila vifaru vyangu vinatoka mpakani hadi Moscow kama vinakwenda matembezi, sidhani ilikuwa hivyo. Nina tatu kichwani: Unity of Command 2, War in the East 2, Combat Mission. Ipi ina faida gani na inakera wapi?

Kifaru41
Mkuu kama unataka undani chukua War in the East 2. Zamu moja ni wiki nzima, unaanza Juni 1941 Wajerumani wanapoivamia Usovieti, na kitakachokutoa jasho kwanza sio Warusi, ni reli. Reli za Kisovieti zilikuwa na upana wa milimita 1,524, za Ujerumani 1,435, kwa hiyo treni zako hazipiti mpaka mafundi wabadilishe njia, nao wanakwenda polepole huku vifaru vishafika Smolensk na mafuta yanawafuata kwa malori. Hapo ndo unaelewa kwa nini jeshi lililokuwa linashinda kila pambano lilizidi kuchoka. Vitabu vinalisema hilo kwa mstari mmoja, kwenye gemu unakitazama kikosi chako bora kimesimama na huna la kukifanyia. Ubaya wake, zamu ya kwanza tu inaweza kula jioni zako kadhaa, na skrini imejaa namba.

Zuhura_H
Kwa reli nakubali kabisa, ila mtu anayetoka Panzer Corps ukimtupa huko atakimbia. Unity of Command 2 ina somo lilelile kwa zamu chache, kikosi kikikatiwa njia ya saplai (mafuta, risasi, chakula) kinaanza kunyong'onyea na baada ya zamu kadhaa hakina kazi tena, so badala ya kumvaa adui uso kwa uso unatafuta reli iliyo nyuma yake. Kasoro ni ratiba, mji uuteke kabla ya zamu fulani la sivyo bonasi imekwenda, basi mapambano mengine yanageuka fumbo, unarudia na kurudia mpaka ulifumbue. Jenerali wa kweli hakuwa na nafasi ya kurudia.

Kifaru41
Hilo la kurudia ni kweli tupu dada.

mlenga_shabaha
Mnaisahau Combat Mission na mimi ndo naiona bora kuliko zote kwa kuonyesha askari mwenyewe. Wachezaji wote wawili wanatoa amri, halafu sekunde 60 zinakwenda zenyewe, hugusi kitu. Umetuma watu wavuke uwanja, bombomu linafyatua kutoka kwenye ua wa miti, wanalala chini, mmoja anatambaa kurudi nyuma, hofu yao imo kwenye hesabu za gemu na wewe unatazama tu. Tatizo kamera inaruka popote unapotaka, na kamanda wa kompania hakuwahi kuwa na jicho kama hilo. Pia kompyuta ikishambulia inafuata mpango ulioandikwa na aliyetengeneza pambano, mambo yakiharibika haijui kujipanga upya. Cheza na binadamu, mnatumiana mafaili kwa imeili.

Saa_Sita_Usiku
Kinachonisumbua mimi kiko kwenye zote, tunajua yatakayotokea. Kila anayeshika Wasovieti anaondoa majeshi Kiev mapema kwa sababu anajua Septemba 1941 yatazingirwa, Stalin yeye aliwakataza kurudi nyuma hadi ikawa too late. Na raia hawamo. Leningrad ilizingirwa toka 1941 hadi 1944, watu malaki walikufa kwa njaa, kwenye gemu ni mji kwenye ramani wenye pointi. Zicheze, mimi mwenyewe nazicheza sana, ila soma pembeni yake, maana gemu inakufundisha tatizo la jenerali na hilo tu.

RamaniMezani
Asanteni sana. Basi naanza na Unity of Command 2, War in the East 2 nitaifuata nikishazoea saplai. Mlenga, Combat Mission naona ziko nyingi, nishike ipi?

mlenga_shabaha
Battle for Normandy ya 2011. Anza na mapambano ya kompania moja, yale ya batalioni nzima yaache kwanza, dakika moja ya vita utakaa unaipanga nusu saa.