Nachora, naandaa maonyesho, natetea ardhi: ni lazima nichague moja?

Gunia la Ngano

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mimi ni Mbarabaig, kwetu Hanang chini ya mlima, sasa naishi Arusha. Nina miaka 38. Nachora kwenye magunia ya ngano, na wanaojua historia ya kwetu hawataniuliza kwa nini: sehemu kubwa ya malisho ya wazee wetu iligeuzwa mashamba ya ngano kuanzia miaka ya 1970. Mchoro ukikamilika nafunga spika ndogo nyuma yake, ukisogea karibu unamsikia bibi akiimba. Nimemrekodi mwenyewe kwa simu. Na kila mwaka nakusanya wenzangu saba au wanane tunaonyesha kazi zetu kwenye ukumbi wa kuazima.

Wiki iliyopita nilipeleka kazi kwa bwana mmoja mwenye galari (simtaji). Akanikaribisha chai, akaziangalia zote kwa heshima, kisha akasema: "Wewe sijui nikuuzeje. Ni mchoraji, ni mwandaaji wa maonyesho, au ni mwanaharakati? Chagua moja. Na umri nao umeshakwenda." Chai ikanipalia.

Kuna anayemjua msanii aliyefanya yote matatu na akala? Naomba majibu ya kweli, si ya kunifariji. Nawasilisha.

---

Mama Chumbageni

Marhaba mdogo wangu. Mimi si mtu wa sanaa. Natunza wazee huku Norfolk, jimbo la Virginia, mwaka wa kumi na moja huu. Zamu ya usiku ikiisha nabaki na saa mbili tatu kabla usingizi haujanijia, na mjini kuna makumbusho ya Chrysler, kuingia bure. Nisikudanganye, kilichonipeleka mara ya kwanza ni kiyoyozi.

Ndani nikakuta mtumbwi. Umechorwa kwa mistari tu, mrefu kama ngalawa ya kweli. Picha nzima ina upana wa zaidi ya mita 4. Rangi nyekundu imepakwa mpaka ikachuruzika, na ukisogea unaona chini ya huo wekundu vipande vya magazeti vimebandikwa, vingine vya gazeti la kwao huyo msanii. Juu ya picha imepita kamba, utadhani ya kuanikia kanga, na kwenye kamba vimening'inizwa vitu vya dukani: kofia na vibendera vya timu za michezo zilizojipa majina ya kuwaita wenyeji wa asili wa Marekani, kama Redskins ("Ngozi Nyekundu") na Braves, vishoka vya kuchezea, taji la manyoya ya ndege la watoto, shanga. Jina lake, kwa Kiswahili changu, ni "Biashara: zawadi za kubadilishana ardhi na Wazungu". Ni ya 1992, ilipotimia miaka 500 tangu Columbus afike.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Watoto wa huku husimuliwa kwamba Manhattan ilinunuliwa kwa shanga na vikorokoro. Sisi shuleni tulikuwa na chifu Mangungo wa Msovero na makaratasi ya Mjerumani Karl Peters ya kuchukulia ardhi. Sasa mama huyu aliyeichora picha anasema: haya, vikorokoro ndivyo hivi, tena mmevitengeneza wenyewe kwa sura yetu. Chukueni, turudishieni ardhi.

Mama mwenyewe ni Jaune Quick-to-See Smith. Nilianza kumfuatilia tangu siku hiyo, na kwa swali lako yeye ndiye.

Alizaliwa 1940 Flathead, Montana, kwenye ardhi iliyobakia ya makabila ya asili ya Salish na Kootenai. Baba yake alikuwa mchuuzi wa farasi. Akiwa na miaka 8 tayari anafanya kibarua mashambani. Kuna kisa chake nakipenda sana: aliona filamu juu ya mchoraji Toulouse-Lautrec, akachukua grisi ya magurudumu akajipaka kidevuni ziwe ndevu, apigwe picha akiwa "msanii". Msanii si lazima awe mwanamume mwenye ndevu, ala! Na kweli, chuo cha kwanza mwalimu alimwambia anachora kuliko wanaume darasani, ila mwanamke hawezi kuwa msanii.

Shahada ya kwanza kaipata 1976, ana miaka 36 na watoto juu. Chuo Kikuu cha New Mexico kikamkataa mara tatu kabla hakijampokea. Ya pili akaipata 1980. Kwa hiyo huyo bwana akisema umri umekwenda, mwulize umekwenda wapi.

Kuhusu kuchagua moja, hakuchagua. Kabla hata hajamaliza masomo alishaunda kikundi cha wasanii wenzake wa asili, Grey Canyon, watafute pamoja mahali pa kuonyesha. 1985 akaandaa na Harmony Hammond maonyesho ya wanawake wa asili watupu. Miaka hiyohiyo wajenzi wa nyumba walikuwa wanaisogelea miamba yenye michoro ya kale pembeni mwa Albuquerque. Akaingia kwenye kampeni ya kuitetea, na huku akachora mfululizo mzima juu ya miamba hiyo. 1990 eneo likawekwa chini ya ulinzi wa serikali kuu. Niambie wewe hapo uchoraji umeishia wapi na harakati zimeanzia wapi.

Maonyesho aliyoyaandaa ili wengine waonekane yalipita 30. Na hilo gunia lako na spika yake lisikutie aibu: yeye kachora, kachapa, kabandika magazeti, katengeneza mitumbwi ya kusimama kabisa akisaidiana na mwanawe Neal.

---

Hesabu Kwanza

Mama Chumbageni umeandika vizuri, lakini kijana kauliza *akala*. Nimepekua kidogo. National Gallery of Art, jumba la sanaa la taifa kule Washington, lilinunua mchoro wake wa kwanza wa rangi 2020. Mama ana miaka 80! Makumbusho ya Whitney ya New York ikamfanyia maonyesho makubwa ya maisha yake yote 2023. Ana 83. Mwenye galari yuko sahihi kwa upande wa soko. Mtu asiyeeleweka anauza nini husubiri mpaka meno yaishe.

---

Mama Chumbageni

Kaka, usisome nusu. Aliyechelewa ni Washington, si yeye. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 picha zake zilikuwa zinaonyeshwa New York, na miaka yote hiyo alikuwa anauza, anazunguka vyuo vikuu akitoa mihadhara, makumbusho nyingine zinanunua. Hiyo ya 2020 ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jumba lile la taifa kuchukua mchoro wa rangi wa msanii wa asili wa nchi hiyo. Wa *yeyote*. Sasa hapo kosa ni la mtu kufanya mambo matatu?

Na sikia alichofanya walipomfungulia mlango: 2023 akaandaa humohumo ndani maonyesho ya wasanii wa asili karibu 50, wote walio hai.

---

Duka la Vinyago

Mimi nimekwama kwenye ile kamba. Nina kibanda cha vinyago hapahapa Arusha, na hivyo vitu vya kwenye kamba, kwa namna yetu, ndivyo ninavyouza. Mmasai wa mbao mguu mmoja juu, Mmasai wa sumaku ya friji, Mmasai kwenye kopo la majani ya chai. Aliyechonga si Mmasai, mimi si Mmasai, na mnunuzi hajali. Mwaka juzi alikuja mzee wa Kimasai kumsindikiza mgeni, akainua kile kinyago, akakizungusha, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni wewe baba. Akacheka, akakirudisha chali.

Sijaacha kuuza, nina watoto wanasoma. Ila tangu nisome hapa juu nimeangalia ile rafu kwa jicho jingine. (Na jamani tuache kusema "Wahindi Wekundu". Timu ya Washington yenyewe ililitupa lile jina la Redskins 2020.)

---

Gunia la Ngano

Dada, asante. Hesabu Kwanza nakushukuru na wewe, ndilo jibu nililoliogopa na sasa limeshasemwa. Swali moja la mwisho. Alifanyaje kuandaa kazi za wengine bila za kwake kulala? Mimi mwezi wa maonyesho sigusi brashi kabisa, na wenzangu wengine hata msumari hawaleti.

---

Mama Chumbageni

Hilo la misumari sina dawa yake, hata harusini kwetu Tanga wapo wa hivyo.

Ninachojua ni kwamba hakuacha mpaka mwisho. Alikuwa ameandaa maonyesho mengine kwenye makumbusho ya Zimmerli, Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey: wasanii 97. Akafariki nyumbani kwake Corrales, New Mexico, tarehe 24 Januari 2025. Maonyesho yakafunguliwa tarehe 1 Februari.

Sasa na mimi nikuulize. Nina wifi yangu Arusha, Njiro, anapenda mambo haya na ana jamaa wengi. Huo ukumbi mnaoazima unaingiza watu wangapi?

---

Gunia la Ngano

Sitini dada, wakibanana. Viti tunakuja navyo.